Dume la Siku Mia

Kama kuna mtu katika Dodoma yote aliyechoka kusema, ni Anyesi Chilongani wa Mkonze. Hakuchoka kazi. Kazi ya kuzoa taka ameifanya miaka kumi na miwili na mgongo wake bado unanyooka. Kilichomchosha ni mdomo wake mwenyewe, kuusumbua kila siku ya Mungu kwa maneno yaleyale, kwa watu walewale, nao wakimjibu ndiyo mama, tumesikia mama, halafu wanafanya vilevile kama jana.

Aliwaambia wenye nyumba wasitie chupa zilizovunjika kwenye kiroba cha taka za jikoni. Wakatia. Akawaambia basi angalau wazizungushie gazeti. Wakaona gazeti lina kazi nyingine. Pale Area D kuna mzee mmoja mstaafu, mtu wa heshima zake, anayejichoma sindano za sukari kila asubuhi. Anyesi alisimama getini kwake, akamwamkia shikamoo ingawa hawakupishana sana kwa umri, akamwomba kwa adabu sindano zake azitie kwenye chupa ya maji na kuifunga kizibo. Mzee alimsifu sana, akasema huo ni ubunifu wa hali ya juu. Wiki iliyofuata sindano zilikuwa mlemle kwenye mfuko mweusi, pamoja na maganda ya ndizi.

Sasa utamfanya nini mtu kama huyo? Huwezi kumchapa.

Alipoanza kazi hii, taka za Dodoma zilikuwa taka za watu wanaojuana: majivu, pumba, maganda ya karanga, majani yaliyofagiwa uani. Uliweza kuzama na mikono yote miwili bila kufikiri. Baadaye serikali ikahamia, watu wakaja kutoka kila pembe ya nchi, nyumba zikaota hadi kule Anyesi alikochunga mbuzi utotoni, na taka nazo zikageuka. Zikawa pampasi, vigae, balbu, betri, na hizo sindano. Yeye amelelewa kwenye mashamba ya zabibu, anapogoa mizabibu tangu akiwa msichana, na anajua mkono ukiharibika hakuna duka linalouza mwingine. Kwa hiyo akajichongea fimbo, na kila kiroba alikigonga kwanza, juu na chini, akisikiliza. Kikilia kioo, anakishika shingoni na kukiweka mbali na mwili. Wenzake walimcheka. Walisema Mama Yoramu anazipigia taka hodi. Yoramu ni mwanawe wa kwanza, na hilo ndilo jina ambalo gari zima la taka lilimwita.

Aliyemwiga alikuwa mmoja tu, Ruthu, mama wa watoto wawili, mwanamke mpole asiye na maneno mengi. Naye alijitafutia fimbo, naye akawa anagonga, tena bila kuambiwa mara mbili. Anyesi alimpenda kwa hilo. Akiwa amekasirika sana na wengine, alikuwa akimnyooshea Ruthu kidole na kusema angalau mmoja ana masikio.

Suala la vifaa nalo lilikuwa kichekesho kinachotia uchungu. Glovu zilifika mwaka juzi, za ngozi, nzito, na Batholomeo mtunza stoo akazifungia. Wala hakuwa mchoyo. Alikuwa tu mtu anayeumia kuona kitu kipya kikichakaa. Alimwambia Anyesi kwamba kila akiwapa glovu wanazichafua. Siku wageni wakija na kamera, glovu zilitolewa, watu wakapigwa picha, na jioni zikahesabiwa na kurudi kabatini zikiwa zinanukia sabuni.

Buti alizipigania miaka mitatu. Zilipokuja zilikuwa nzuri kweli, nyeusi, zenye chuma kidoleni, na zamu hii alisimamia mwenyewe kuhakikisha kila mtu anaondoka na zake. Kwa siku tatu gari zima lilitembea kama jeshi. Siku ya nne Nikodemo dereva alikuja na kandambili, akasema buti anaziwekea harusi ya shemeji yake. Wengine wakasema wanazitunza zisiishe haraka. Na Elisha, kijana wa miaka ishirini na minne ambaye kazi yake ni kupanda juu ya gari na kuzikanyagakanyaga taka zishuke ili nyingine ziingie, huyo ndiye hasa aliyehitaji buti kuliko wote. Elisha alizipeleka kwao Bahi, baba yake azivae kwenye majaruba ya mpunga. Yeye akarudi kazini na katambuga zake za matairi. Alisema babu zake walichungia ng'ombe kwenye miiba na katambuga hizohizo, na hakuna aliyekufa. Anyesi alitaka kumgombeza hadi siku iishe, akashindwa. Unamgombezaje mtoto kwa kumvisha baba yake viatu?

Ndipo Octavian, meneja wao, kijana msomi asiye na ubaya wowote, aliporudi kutoka semina ya usalama kazini akiwa na wazo. Aliweka ubao mweusi getini ulioandikwa kwa rangi nyeupe SIKU BILA AJALI, na chini yake nafasi ya namba. Kila alfajiri mlinzi alifuta namba ya jana kwa tambara bichi na kuandika mpya kwa chaki. Siku ikiandikwa mia, alisema Octavian, kampuni itachinja dume, watu wote arobaini na watatu wale na familia zao. Na ili wasidhani ni maneno ya ofisini, namba ilipofika sabini alikwenda mnada wa Msalato, akarudi na dume lenyewe, jekundu, lina nundu na shingo nene, akalifunga nyuma ya ofisi karibu na gari bovu.

Jamani, watu walilipenda lile dume. Walikuja asubuhi na mabua, na maganda ya tikiti waliyoyachagua kwa uangalifu, wakasimama wakilitazama linavyotafuna. Waligawana nyama lingali linakula. Kidari kilikuwa na mwenyewe, ulimi ulikuwa na mwenyewe, mlinzi alishapewa kichwa, na Nikodemo aliwaahidi wakwe zake mbavu za upande mmoja bila kumwuliza mtu. Wanawake waliazimana masufuria.

Na kweli, ajali zikakoma. Hakuna aliyekatwa, hakuna aliyechomwa, hakuna aliyeangukiwa na pipa. Siku moja Anyesi alifungua kisanduku cha huduma ya kwanza akakuta spiriti imeisha na bandeji zimebaki mbili. Alipomwuliza Batholomeo, akaambiwa spiriti hukauka na joto. Kuhusu bandeji hakuambiwa kitu, na yeye siku hiyo alikuwa na haraka, hakuuliza tena.

Siku ya tisini na nane ilikuwa Alhamisi. Walikuwa Chang'ombe, mchana, jua la utosini, wanatoa viroba kwenye vichochoro ambavyo gari haliingii. Anyesi akamwona Elisha anachechemea. Akamwuliza, akaambiwa ni mwiba. Akamwambia avue katambuga. Elisha akasema si kitu. Nikodemo akapiga honi, twendeni, tunachelewa dampo. Anyesi akaiacha honi ilie, akakaa chini palepale kwenye kizingiti cha duka la watu, akauvuta mguu wa yule kijana hadi mapajani mwake kama anavyotolewa funza mtoto mdogo.

Pembeni mwa wayo, pale ambapo tairi haifiki, kulikuwa na tundu dogo jeusi, na nyama inayolizunguka imevimba.

Aliuliza mara tatu ni mwiba wa wapi, wa mti gani. Mara ya tatu Elisha akasema. Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, Area D. Alikuwa juu ya gari anakanyaga, akasikia kitu kimemuuma, akainama akakichomoa. Ilikuwa sindano, na ndani yake mlikuwa na damu kidogo. Ya nani, hakuna ajuaye, maana alikuwa amesimama juu ya taka za mtaa mzima. Aliitupa. Nikodemo aliona kila kitu kwenye kioo cha pembeni, akateremka, akamshika bega, akamwambia zimebaki siku nne tu, kijana, usituangushe.

Anyesi alihesabu kwa vidole. Jumanne saa tatu, Jumatano saa tatu, Alhamisi saa tatu. Muuguzi mmoja aliwahi kuja kuwafundisha, akarudia jambo moja hadi watu wakapiga miayo: mtu akichomwa na sindano ya taka, kuna dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI, lakini azianze ndani ya saa sabini na mbili, na heri saa ya kwanza kuliko ya pili. Zikipita, dawa hizo hazimfai tena. Sasa ilikuwa saa nane mchana. Saa hamsini na tatu zilishaliwa, tena kwa ajili ya supu.

Akamwambia wanakwenda kituo cha afya sasa hivi. Elisha akarudisha mguu wake.

"Jumapili asubuhi nitakwenda mwenyewe, mama," alisema. "Jumamosi si mbali. Watu arobaini na watatu. Nitawaangalia vipi?"

Anyesi akamweleza habari ya zile saa, polepole, kisha kwa ukali, kisha polepole tena. Kijana alikuwa akitikisa kichwa kwa heshima kubwa, na hakusogea. Ukweli ni kwamba alikuwa ameogopa, na mtu aliyeogopa hasikii hesabu. Anyesi akamgeukia Nikodemo, akamtaka aondoe gari warudi yadi ya kampuni, meneja ndiye amwamuru kijana. Nikodemo akasema taka za Chang'ombe hazijaisha. Mama huyu akapanda kiti cha mbele, akachomoa ufunguo kwenye gari, akauweka ndani ya kitenge chake kifuani, akauliza nani anakuja kuuchukua. Baada ya dakika kumi Nikodemo alikubali, akarudishiwa ufunguo, wakawa njiani kurudi yadi.

Octavian aliposikia, aliinuka kwenye kiti. Lazima isemwe kwamba hakuwa katili. Alisema kwanza kijana apelekwe hospitali, na Anyesi akamshukuru. Halafu akasema, labda, kwa kuwa taarifa ya siku mia imeshakwenda juu na wageni wamealikwa, ingekuwa vizuri Elisha aseme amechomwa nyumbani. Anyesi akajiuliza. Nyumbani kwa Elisha kuna sindano za nini? Lakini saa zilikuwa zinakwenda, akaumeza uchungu, akasema sawa, aseme hata amechomwa kanisani, mradi aende leo.

Na hata huo uongo haukufaa kitu. Elisha alikuwa anakaa chumba kimoja na vijana watatu wa kampuni hiyohiyo. Dawa ni za siku ishirini na nane, na siku nyingine zinatapisha. Kesho tu wataona kichupa, watauliza, na yeye atakuwa ndiye aliyelipoteza dume likiwa limebakiza siku mbili. Alisema bora aanze Jumapili, nyama ikishaliwa. Alisema hivyo huku macho yake yameelekea nyuma ya ofisi, na kule nyuma dume likawa linalia, linataka maji.

Anyesi akatamani kulia naye. Miaka kumi na miwili amehangaika na glovu, na buti, na vioo, na mzee wa sindano, kumbe kitu kilichokuja kumshinda ni ng'ombe. Na tena ng'ombe aliyenunuliwa kwa ajili ya usalama.

Alitoka ofisini, akavuka uwanja hadi getini, akachukua lile tambara la mlinzi, akalichovya kwenye ndoo, akafuta tisini na nane. Alifuta hadi kwenye pembe. Kisha akaokota chaki na kuandika sifuri, kubwa, nafasi yote.

Magari mengine mawili yalikuwa yamerudi, watu walikuwa wanakula chakula cha mchana. Vijiko vilisimama. Mmoja wa wanawake akaweka sahani chini, akauliza Mama Yoramu ameingiwa na nini. Nikodemo akamwambia kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyedhulumiwa, kwamba ana roho ngumu, kwamba angeweza kunyamaza siku mbili tu. Mwingine akauliza mchele uliokwisha kuchambuliwa utafanywaje. Katika watu wote wale hakuna aliyeuliza mguu wa Elisha unaendeleaje, na hilo ndilo lililomkata Anyesi maini. Alirudi mpaka alipokuwa Elisha, akasimama mbele yake.

"Dume limekwenda," alimwambia. "Nimelipoteza mimi, wanichukie mimi. Sasa unasubiri nini? Twende."

Elisha akainuka.

Walichukua bajaji. Ruthu akaja nao, aliingia tu na kukaa bila kuombwa, na Anyesi akaona ni wema wake wa siku zote. Njia nzima Anyesi alisema. Alimsema Nikodemo, akamsema Octavian na semina zake, akamsema Batholomeo na kabati lake, akamsema Elisha mwenyewe hadi dereva wa bajaji, asiyehusika, akapunguza mwendo kama vile anaambiwa yeye. Ruthu alikuwa anatazama nje, mikono ameibana katikati ya magoti.

Kituo cha afya walipokelewa vizuri. Muuguzi, dada wa makamo mwenye miwani, aliposikia neno sindano aliwatoa kwenye foleni na kumwingiza Elisha ndani. Walimpima, wakamweleza, wakampa kidonge cha kwanza anywe palepale mbele ya macho yao. Saa kumi na nusu alitoka nje na kichupa mfukoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyekaripiwa na akashukuru kukaripiwa. Muuguzi akasema amewahi. Angekuja mapema zaidi ingekuwa bora, lakini amewahi, na asiache kidonge hata kimoja. Anyesi alikaa kwenye benchi kwa kishindo, akamshukuru Mungu kwa Kigogo, kisha akaanza upya kumgombeza Elisha, sasa kwa raha, kama anavyogombezwa mtu aliyepona.

Muuguzi alikuwa anageuka arudi ndani ndipo Ruthu akasema.

"Dada. Na kama siku zimepita nyingi?"

Muuguzi akauliza ni ngapi. Ruthu hakutaja tarehe. Alisema ilikuwa siku ya arobaini na moja, akaona dada haelewi, akaeleza kwamba kazini kwao wana ubao. Karibu miezi miwili sasa. Alikuwa amegonga kiroba, hakikulia, maana sindano hailii. Ilimwingia kwenye kidole gumba.

Muuguzi akakunja karatasi aliyokuwa ameshika. Akasema kwa upole kwamba zile dawa za kukinga hazitamfaa tena, lakini kupima kunafaa leo hii, na kuna mengi ya kufanya kwa jibu lolote litakalotoka, na wengi wanaochomwa hivyo hukutwa salama. Akamwambia asubiri kidogo, anamwandalia chumba.

Elisha alikuwa amejiinamia. Anyesi akamwuliza Ruthu, kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua, kwa nini hakumwambia. Wengine sawa. Lakini yeye, yeye anayegonga, kwa nini hakuja kumwambia.

"Nilikuja, Mama Yoramu," alisema Ruthu. Hakuwa na lawama hata kidogo. "Nilikukuta nyuma ya gari umekatwa kiganja na bati, unafunga kitambaa. Nikakuuliza, ukasema si kitu, tusiwaharibie watu siku zao. Basi nami nikaenda nikafunga changu."

Anyesi aligeuza kiganja chake cha kushoto. Lilikuwapo kovu pale, jembamba, limekwisha kuwa jeupe. Alikuwa amelisahau kabisa. Hata siku ile hakuliona kuwa ni jambo. Alikuwa na haraka, lilikuwa bati tu, na namba ilikuwa inakwenda vizuri. Alitafuta neno la kumwambia Ruthu. Yeye, Anyesi Chilongani, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu aingie kazi hii, alifungua mdomo na humo ndani hamkuwa na kitu.

Muuguzi akachungulia mlangoni akaita jina la Ruthu. Anyesi akasimama kwanza, akampokea mkoba wake, wakaingia wote wawili.